Mabomba ya pampu ya dozi: tanki juu au chini, PVC au chuma, na machaguo mengine kabla fundi hajashika msumeno

Ukiingia dukani Dodoma mjini ukasema unataka kufunga pampu ya dozi, yaani ile inayotia dawa kidogo kidogo kwa kipimo, mazungumzo yote yatakuwa ya pampu: lita ngapi kwa saa, presha ngapi, imetoka wapi. Bomba litatajwa mwishoni, kama nyongeza ya "vifaa vidogo vidogo". Mimi ningeanzia huko mwishoni. Pampu yoyote ya maana itatoa kilichoandikwa kwenye kibao chake ikilishwa vizuri. Zinazosumbua mwaka wa kwanza, nyingi zimeonewa na mabomba, na hasa yale ya upande wa kunyonya, ambako fundi huwa anatumia vipande vilivyobaki.

Nazungumzia pampu zile za diaframu (utando unaosukuma dawa) au plunja (pistoni nyembamba) zinazopiga pigo moja moja: zinazotia klorini kwenye maji ya kisima, soda kali kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti, au dawa ya kuzuia kutu kwenye boila. Fundi bomba wetu wa kawaida ameizoea pampu ya maji inayozunguka, ambayo hutoa maji mfululizo. Hii haifanyi hivyo. Inavuta, inasimama, inasukuma, inasimama. Kwa pampu yenye kichwa kimoja inayoendeshwa na mota, kasi ya dawa katikati ya pigo hufika takriban mara 3.14 ya wastani. Kwa hiyo pampu iliyoandikwa lita 100 kwa saa, bomba lake lazima lichaguliwe kana kwamba ni ya lita 314. Mengi ya hapa chini yanatokana na hilo.

Tanki juu ya pampu, au pampu juu ya tanki?

Hili ndilo chaguo la kwanza, na kwa bahati mbaya ndilo linaloamuliwa na mtu aliyejenga chumba kabla pampu haijanunuliwa.

Ukiweka tanki juu ya pampu, dawa inateremka yenyewe hadi kwenye kichwa cha pampu. Hakuna kuvuta, na hakuna haja ya kujaza bomba kila umeme ukikatika na kurudi. Kwa pampu kubwa kidogo, kwa dawa nzito kama soda, na kwa mtu ambaye hatakuwepo kila siku kuitazama, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Una gharama zake lakini. Bomba au yunioni (kiungo cha kufungua) ya chini ikivuja, tanki lote litamwagika, kwa hiyo unahitaji koki kwenye mdomo wa tanki na kibeseni cha zege au plastiki kinachoweza kubeba ujazo wote. La pili ni hatari zaidi kwa sababu halionekani: kama usawa wa dawa kwenye tanki uko juu kuliko mahali dozi inapoingilia, na hapo pana presha ndogo, dawa itapita yenyewe ndani ya valvu za pampu hata pampu ikiwa imezimwa. Umeme unakatika saa mbili usiku, asubuhi tanki la klorini liko nusu na watu wa kijiji wanakunywa maji yanayowasha macho. Suluhisho lake ni valvu ya kushikilia presha, ile yenye springi, inayofungwa upande wa kusukuma karibu na mwisho wa bomba. Mpangilio wa tanki juu bila valvu hiyo usiukubali, hata kama muuzaji anasema pampu yake "haipitishi".

Ukiweka pampu juu ya tanki, mara nyingi kwenye kifuniko chake au kwenye rafu ya ukutani, bomba linazama ndani na pampu inavuta. Hapa hakuna shimo lolote chini ya tanki, hivyo hatari ya kumwagika ni ndogo. Ni rahisi na inakaa sehemu ndogo, nayo ndiyo inayofaa kwa pampu ndogo za miradi ya visima. Lakini inataka nidhamu. Chini ya bomba lazima kuwe na futivalvu (valvu ya kuzuia dawa isirudi tankini) yenye chujio, iliyoinuliwa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye sakafu ya tanki ili isinyonye tope. Bomba lipande moja kwa moja hadi kwenye pampu, lisiwe na mgongo wa kuhifadhi hewa. Na umbali wa kuvuta uwe mfupi: nyingi ya pampu hizi zina kikomo cha karibu mita 1.5, na kikomo hicho kimepimwa kwa maji safi na valvu zilizolowa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya pampu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havilitilii mkazo. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, Singida mjini karibu 1,500. Uzito wa hewa unaosukuma dawa kupanda bombani, ambao pwani ni sawa na mita 10.3 za maji, Dodoma unabaki kama mita 9. Peke yake si tatizo kwa kimo cha mita moja. Tatizo ni kwamba pigo la pampu lenyewe linakula sehemu ya mita hizo kila linapoanza kuiburuza dawa iliyosimama, na klorini ikipata joto inatoa mapovu. Ukijumlisha vyote unapata pampu inayogonga tak-tak-tak kama kawaida huku haitoi kitu. Ukiwa na mrija unaoonyesha ndani utaliona povu lenyewe: linasogea kidogo kuelekea kwenye pampu, linarudi palepale, linasogea tena, linarudi. Diaframu inaibana hewa na kuiachia, dawa haiendi popote.

Ndiyo maana nasema: kwa klorini chini ya lita 10 kwa saa, pampu juu ya tanki inatosha. Zaidi ya hapo, au kwa soda, jenga stuli ya kuweka tanki juu. Na hapa mafundi hukosea mwelekeo wa mteremko. Bomba la kutoka tanki lililo juu kwenda kwenye pampu liwe na mwinamo mmoja usiokatika, ili mapovu ya klorini yarudi kwenye tanki yenyewe. Kona moja iliyonyanyuka katikati inatosha kuharibu kazi.

Bomba nene au jembamba?

Upande wa kunyonya, fupi na pana. Mzigo wa kuianzisha dawa kila pigo unaongezeka mara mbili ukiongeza urefu mara mbili, lakini unapungua hadi robo ukiongeza kipenyo mara mbili. Kwa pampu ya lita 100 na kuendelea, weka bomba lililo kubwa kwa saizi moja kuliko mdomo wa pampu, na redyusa (kiungo cha kupunguza saizi) ikae pale pampuni. Bomba la robo tatu kwa pampu yenye mdomo wa nusu inchi si ufujaji.

Lakini kanuni hiyo usiipeleke kwenye pampu ndogo, na hasa usiipeleke upande wa kusukuma. Tuchukue kisima kinachotoa mita za ujazo 20 kwa saa, na unataka miligramu 1.5 za klorini kwa lita. Hiyo ni gramu 30 za klorini kwa saa. Ukiwa na mchanganyiko wa asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita, unahitaji lita 3 tu kwa saa, sawa na mililita 50 kwa dakika, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Sasa sehemu ya kuingizia dozi iko mita 10 kutoka kwenye pampu. Ukitumia mrija wenye tundu la milimita 4, ndani yake mna kama mililita 126, na pampu itaujaza kwa dakika mbili na nusu. Ukitumia bomba la nusu inchi lenye tundu la milimita 15, mna karibu lita 1.8, na pampu itahitaji dakika 35 kabla tone la kwanza halijafika. Siku kisima kinapopumzika, dawa hiyo inakaa bombani inaiva na jua na kupoteza nguvu. Na hewa ikishaingia kwenye bomba pana haitoki, maana mwendo wa dawa ni mdogo mno kuisukuma; inakaa juu ya kona ikimeza kila pigo. Kwa mradi wa aina hii mrija mwembamba unashinda, hata kama fundi anakuambia ameshanunua nusu inchi.

Bomba la nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na kwa kweli ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu dawa yenyewe inakuchagulia.

| Bomba | Klorini | Soda kali | Jua | Upatikanaji Dodoma |
|---|---|---|---|---|
| PVC ngumu | Nzuri, angalia gundi | Nzuri ikiwa ya baridi | Hulegea, ifunikwe | Kila duka |
| PPR (plastiki ya kuchomea) | Klorini kali huipasua baada ya muda | Nzuri | Ifunikwe | Kila duka |
| Mrija wa PE (polithini) | Mzuri kwa pampu ndogo | Mzuri | Mweusi hudumu zaidi | Saizi ndogo huagizwa |
| GI (chuma kilichopakwa zinki) | Haifai kabisa | Haifai, zinki huliwa | Haina shida | Kila duka |
| Chuma cha pua 316 | Huota vishimo | Nzuri | Haina shida | Kwa kuagiza |

Safu ya PPR inahitaji neno la ziada, kwa sababu siku hizi kila fundi ana ile mashine ya kuchomea na anapenda kuitumia. Kwa maji ya nyumbani ni bomba zuri mno. Kwa soda ni zuri vilevile. Kwa klorini kali, plastiki yake inaliwa polepole kutoka ndani: inakakamaa, kisha inapasuka kwenye kiungo, na huoni dalili hadi siku hiyo. Kwa mchanganyiko wa asilimia 1 litadumu kiasi, ila sioni sababu ya kubahatisha wakati PVC iko rafu ileile.

PVC nayo ina mambo mawili. La kwanza ni joto. Nguvu iliyoandikwa kwenye bomba ni ya nyuzi 20 na kitu. Likifika nyuzi 38 linabaki na takriban asilimia 62 ya uwezo wake wa kubeba presha, na likifika nyuzi 60 linabaki na 22. Bomba la kijivu lililofungwa ukuta wa magharibi, Oktoba, saa tisa alasiri, halina nyuzi 20. Kwa hiyo usichague bomba linalotosheleza presha. Chagua linalozidi, lipitishe kivulini, na lishikilie kwa klipu za karibu karibu kwa sababu kila pigo linalitikisa. La pili ni gundi. Gundi nyingi nzito za PVC zina unga wa silika wa kuzipa uzito, na klorini inaula unga huo hadi kiungo kianze kutokwa. Utaijua kwa chumvi nyeupe inayojikusanya pembeni mwa soketi, mwanzoni kama unga wa muhogo uliodondoka, baadaye gamba gumu. Uliza gundi inayovumilia klorini. Ukiikosa, punguza viungo vya gundi kadiri uwezavyo, jambo ambalo ni hoja nyingine ya kutumia mrija wa kipande kimoja.

Chuma cha pua kinawadanganya wengi kwa sababu ni ghali, na mtu hudhani ghali hufaa kila kitu. Kwa klorini ni pesa iliyotupwa. Mahali pake ni kwenye boila, ambako dawa inaingia dhidi ya presha kubwa na bomba la plastiki halina nafasi kabisa, au kwenye kiwanda cha mafuta ambako soda inapita jirani na mabomba ya mvuke. Kwenye soda kuna jambo la baridi pia: ikiwa ya asilimia 50 huanza kuganda karibu na nyuzi 12, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu hushuka kukaribia hapo. Kiwanda kinachochanganya soda ya vipande kuwa nyepesi zaidi hakitaona tatizo hilo, lakini anayeihifadhi ikiwa kali atakuta asubuhi pampu inavuta uji.

Koki ipi?

Koki ya tufe, ile ya mpini wa robo mzunguko, ndiyo kila mtu anaifunga, na kwa soda haina neno. Kwa klorini kali ina mtego. Ukiifunga, kiasi kidogo cha dawa kinabaki kimefungiwa ndani ya tundu la tufe. Kinaendelea kuoza na kutoa gesi, gesi haina pa kutokea, na koki inaweza kupasuka mkononi mwa mtu anayekuja kuifungua wiki mbili baadaye. Zipo koki zenye kitundu kidogo kilichotobolewa upande mmoja wa tufe ili gesi irudi kwenye tanki. Kitundu kielekee tanki koki inapofungwa. Zisipopatikana, tumia koki ya diaframu, ambayo haina pa kuifungia dawa.

Na kituliza mapigo au bila?

Kituliza mapigo ni chupa yenye hewa upande mmoja na dawa upande mwingine, imetenganishwa na mpira. Inameza sehemu ya pigo na kuitoa taratibu wakati pampu inavuta. Kwa mrija wa mita 10 na lita 3 kwa saa, usinunue. Mrija wenyewe unatanuka kidogo na kufanya kazi hiyo. Kwa bomba gumu refu na lita mia na zaidi, kinalipa gharama yake, kwa sababu bila hicho kila kiungo kinapigwa nyundo mchana kutwa. Kifungwe karibu na pampu, na hewa yake ijazwe bila presha bombani, karibu asilimia 80 ya presha ya kazi. Kikikosa hewa ni chupa tu ya kuongeza uzito.

Kisichokuwa na hiari ni valvu ya usalama. Pampu hizi hazijui kusimama: ukifunga koki mbele yake itaendelea kusukuma hadi kitu kipasuke. Valvu ya usalama ikae baada ya pampu na kabla ya koki yoyote, na bomba lake la kurudisha liende juu ya tanki mahali unapoweza kuona dawa ikidondoka. Wengine hulirudisha kwenye bomba la kunyonya ili kuokoa mita mbili za bomba. Hapo valvu inaweza kuvuja miezi bila mtu kujua, na hewa inazunguka humo humo.

Dozi iingie bomba la kupandisha au juu ya tanki la maji?

Miradi mingi ya visima chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ina pampu ya kisima, bomba la kupandisha, na tanki la mnara. Ukiingiza dozi kwenye bomba la kupandisha, maji na klorini vinachanganyika njiani, pampu ya dozi inakaa chini ambapo mwendeshaji anaifikia, na presha ya bomba inasaidia valvu kufunga vizuri. Unahitaji sindano ya kuingizia dozi yenye valvu isiyorudisha maji, na ncha yake ifike karibu na katikati ya bomba. Ikiishia ukutani, klorini inaambaa na chuma upande mmoja na kulila. Maji mengi ya visima vya kanda hii ni magumu, anayetaka ushahidi atazame birika lake, na pale klorini inapokutana nayo chokaa inajijenga kwenye ncha hiyo. Kwa hiyo sindano iwe ya kuchomoka, na pawe na koki ya kuifunga wakati wa kuisafisha.

Kudondoshea dozi juu ya tanki la mnara ni rahisi zaidi kwa fundi: hakuna kutoboa bomba, hakuna sindano. Lakini mrija unapanda mita kadhaa juani, mwisho wake uko wazi bila presha, hivyo dozi inayumba isipowekwa valvu ya kushikilia presha, na kila hitilafu inamtaka mtu apande ngazi. Mimi naiacha kwa mradi ambao bomba la kupandisha ni la zamani na hakuna anayethubutu kuligusa.

Chokaa hiyohiyo inahusu klorini ya unga. Ukiikoroga na maji ya kisima, tope jeupe linashuka. Weka matanki mawili: la kukorogea, liache litulie usiku kucha, kisha mimina maji ya juu tu kwenye tanki la pampu. Kwa lita 100 za asilimia 1, unga wenye nguvu ya asilimia 65 unahitaji kama kilo 1.54. Asiye na nafasi ya tanki la pili atakuwa anafungua futivalvu kila mara kukwangua kijiwe kilichoganda kwenye kiti chake.

Kabla ya kutia dawa

Jaribu mfumo kwa maji, si kwa hewa ya kompresa; PVC ikipasuka na hewa ndani yake inarusha vipande. Na kabla hujamlipa fundi, dai kitu kimoja: mrija wa wima wenye alama za mililita, umefungwa kwa tii upande wa kunyonya, kati ya tanki na pampu. Ujaze, funga koki ya tanki, acha pampu ivute kutoka kwenye mrija huo kwa dakika moja huku ikisukuma dhidi ya presha halisi ya bomba la maji. Kwa mradi wetu wa lita 3 kwa saa, usawa ushuke mililita 50. Ukishuka 35, usikimbilie kuzungusha kirungu cha pampu ili kuongeza pigo. Rudi upande wa kunyonya ukatafute hewa inakoingilia, uanze na yunioni iliyo karibu zaidi na pampu.